Sarafu za dhahabu za ukoo: maswali ya wanaorithi na wanaotunza, Tanga

Hapa yamekusanywa maswali ambayo familia za Tanga mjini, Pangani na Muheza huyarudia pale mzee anapofariki na kijaluba cha sarafu kikatoka uvunguni. Yanaanza na mambo ya siku za kwanza na kuishia kwenye yale magumu. Jambo likiwa limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Siku za mwanzo

1. Tumekuta sarafu ndani ya kasha la marehemu. Tuanze na nini?

Msizigawe, msizisafishe, msizipeleke kwa sonara. Zihesabuni. Nyumba ya msiba hujaa watu na vyumba huwa wazi. Kasha lililokaa miaka bila kuguswa hufunguliwa mara tatu kwa siku moja, na kila afunguaye ana sababu yake njema: huyu anatafuta sanda, yule anatafuta kitambulisho cha marehemu. Hapo ndipo sarafu hupungua, na hapo ndipo ndugu huanza kununiana kwa miaka.

Chagueni watu wawili wa pande tofauti za familia, tuseme mtoto wa mke mkubwa na ndugu wa marehemu. Wazihesabu mbele ya shahidi wa tatu, wazitie ndani ya bahasha, waifunge, na wote watatu watie saini pale ilipofungwa. Kusubiri arobaini ipite ndipo mgawane ni desturi ya wengi, na haina ubaya. Lakini kuhesabu kusisubiri arobaini.

2. Orodha iandikwe vipi?

Orodha inayosema "sarafu 24 za dhahabu" haisaidii. Mtu anaweza kutoa ya thamani, akarudisha ya bei ndogo, na hesabu ikabaki 24. Kila sarafu ipewe namba yake, kisha andikeni uzito kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (masonara wanayo), upana kwa milimita, mwaka, maandishi na picha iliyomo, na kama ina kitanzi cha kuvalia au imetobolewa. Piga picha pande zote mbili mchana, karibu na dirisha, bila mwako wa simu.

Nakala moja ikae kwa anayesimamia, nyingine kwa mrithi wa upande mwingine, ya tatu iwe tayari kwa mahakama (tazama swali la 9). Picha zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kundi la watu sitini si la familia tena.

3. Je, tuwaambie warithi wote, au tunyamaze kwa usalama?

Warithi wote wana haki ya kujua kwamba zipo, ni ngapi na zina uzito gani. Mahali zilipo wajue wawili au watatu tu. Familia nyingi hufanya kinyume: kila mtu anajua ziko uvunguni kwa shangazi, na hakuna anayejua ni ngapi.

## Kuzitambua

4. Ni sarafu gani hasa huonekana kwenye makasha ya huku kwetu?

Inayotangulia ni pauni ya dhahabu ya Uingereza, ambayo wazee huiita pia ashrafi. Ina kichwa cha mfalme au malkia upande mmoja na, kwa nyingi, mpanda farasi anayeua joka upande wa pili. Uzito wake ni gramu 7.99, upana milimita 22, dhahabu ya karati 22, kwa hiyo dhahabu safi ndani yake ni gramu 7.32. Nusu pauni ina uzito wa gramu 3.99 na upana wa milimita 19.3.

Ya pili, na hii ndiyo yenye historia ya nchi yetu, ni rupia 15 za Wajerumani za mwaka 1916, zenye tembo mbele ya mlima na tai upande wa pili. Zilipigwa kwenye karakana ya reli ya Tabora wakati wa vita, koloni likiwa limezingirwa na njia ya baharini imefungwa. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Alama ya herufi T inasimama kwa Tabora. Ina gramu 7.17, lakini ni ya karati 18, hivyo dhahabu safi ni gramu 5.38 tu. Zilipigwa zipatazo 16,000 kabla Tabora haijatekwa mwezi Septemba mwaka huo.

Nyingine huja na waliofanya kazi nje. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ni kubwa na nzito: gramu 33.93 za karati 22, ambamo dhahabu safi ni gramu 31.1. Tanzania nayo ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 mwaka 1974, yenye picha ya duma, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori. Ina gramu 33.44, na dhahabu ni asilimia 90. Sarafu za dhahabu za Sayyid Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria, zipo, lakini ni adimu mno. Ukiambiwa unayo, kaa chini kwanza, kisha soma swali la 7.

5. Hizi nyeupe zilizochanganyika nazo je?

Hizo ni fedha, wala msizidharau. Kubwa yenye mama mnene na mwaka 1780 ni riale ya Maria Theresa, gramu 28 za fedha. Mwaka huo si wa kupigwa kwake: ziliendelea kupigwa na mwaka uleule kwa zaidi ya karne mbili, kwa hiyo 1780 peke yake haithibitishi ukale. Yenye Kaiser aliyevaa helmeti ni rupia ya Wajerumani, gramu 11.66 za fedha. Ziorodhesheni kama za dhahabu, lakini zitunzwe mbali nazo (swali la 16).

6. Nitajuaje nyumbani kama ni dhahabu kweli?

Anza na sumaku. Ikishika, si dhahabu. Isiposhika, bado hujajua kitu, kwa sababu shaba na risasi nazo hazishikwi. Pima uzito na upana, linganisha na namba za swali la 4. Pauni yenye gramu 6 na upana uleule ni bandia, hakuna mjadala.

Kipimo kizuri zaidi ni cha maji. Weka kikombe kidogo cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Pauni halisi huleta kama 0.45, na 7.99 ukigawa kwa 0.45 unapata karibu 17.7. Dhahabu ya karati 22 huwa juu kidogo ya 17, risasi ni 11, shaba nyeupe na ya njano hazifiki 9. Rupia 15 ya Tabora itaonyesha chini ya pauni kwa kuwa ni karati 18, usishtuke.

Usikubali sarafu ikwaruzwe kwenye jiwe la sonara wala kudondoshewa tindikali. Kipimo hicho ni sahihi kwa bangili. Kwa sarafu ya kale kinaacha jeraha.

7. Ile yenye tembo ina thamani zaidi ya dhahabu yake?

Kama ni halisi, ndiyo, tena sana. Wakusanyaji duniani wanaitafuta, nao hulipa kwa kuangalia hali yake: kingo, manyoya ya tai, ngozi ya tembo. Kwa sababu hiyohiyo ni miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki zinazoigwa zaidi. Za kuiga nyingi huwa nyepesi, au herufi zake zimevimba na kulegea kama zilizomiminwa badala ya kupigwa muhuri.

Picha nzuri na uzito sahihi vinatosha kupata maoni ya kwanza kutoka kwa mnunuzi au mnada wowote wa sarafu. Atakayekuambia lazima umwachie sarafu yenyewe ndipo aseme neno, mshukuru na uondoke.

8. Kuna mtu amesema rupia zetu zina mabilioni, ila tutoe fedha ya kipimo kwanza. Ni kweli?

Ni utapeli. Hadithi ya "mali ya Mjerumani" haijaisha Tanga: mara rupia ina nguvu, mara ina zebaki nyekundu, mara kuna mzungu yuko hotelini anasubiri. Hadithi hubadilika, ila mwisho wake ni mmoja: mwenye sarafu ndiye anayetoa fedha. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

## Mirathi na mgawo

9. Nani ana mamlaka ya kuzishika kisheria?

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala aliyekutwa na funguo. Familia hukaa kikao, huandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, na kuupeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo kutoka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Mirathi inayofuata Uislamu au mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya uteuzi ni kuingilia mirathi, na kunaweza kukufikisha pabaya.

Akishateuliwa, msimamizi ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu namba 5, na baadaye hesabu ya ugawaji kwa Fomu namba 6. Sarafu ziingie humo kwa uzito na maelezo yake. Ukiacha kuziandika kwa kuogopa wezi, umempa mrithi yeyote sababu ya kukushtaki.

10. Kwa Waislamu, sarafu hugawanywa vipi?

Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi na usiomhusu mrithi. Kinachobaki ndicho cha warithi. Tuseme marehemu ameacha mke, wana wa kiume wawili na wa kike watatu, na pauni 24 zinazofanana, wazazi wake wakiwa wametangulia. Mke ana thumni (moja ya nane), yaani pauni 3. Zinabaki 21. Kila wa kiume huhesabiwa mafungu mawili na wa kike fungu moja, jumla mafungu 7, kila fungu pauni 3. Kwa hiyo kila binti 3, kila kijana 6.

Maisha hayaji sawasawa hivyo. Ndani ya kijaluba kuna pauni kumi, tembo mmoja, nusu pauni tatu na kitu kisichojulikana. Hapo msigawe kwa idadi. Thamini kila moja (swali la 18), pigeni jumla kwa shilingi, kila mtu ajue haki yake kwa shilingi, ndipo achague sarafu za kufikia kiasi hicho. Mnaweza pia kukubaliana mmoja achukue zote na kuwafidia wenzake, na makubaliano hayo yaandikwe. Njia hii ndiyo inayoweka mkusanyiko pamoja, na kwa maoni yangu ndiyo bora pale panapokuwa na mwenye uwezo na moyo wa kuutunza.

11. Na kwa Wakristo, au wanaofuata mila?

Marehemu aliyeishi Kikristo bila kuacha wosia, kwa kawaida mke hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Shauri huanzia Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kutegemea ukubwa wa mali. Kwa mila, mgawo hutofautiana na mahakama huangalia marehemu aliishi vipi. Muoneni karani wa mahakama kabla ya kikao, si baada ya ugomvi.

12. Bibi alizivaa kama kidani miaka yote. Nazo ni za marehemu babu?

Si lazima. Kama alipewa kama mahari, au alizawadiwa na mumewe akiwa hai, ni zake na haziingii katika mirathi ya mume. Vivyo hivyo sarafu ya jirani aliyoweka amana, au iliyoshikwa rehani kwa deni: hiyo ina mwenyewe. Muulizeni bibi kabla ya kuorodhesha, tena mbele ya watu wanaomheshimu. Akinyamaza, msichukulie kwamba ameridhia.

13. Kuna kodi ya kurithi?

Tanzania haina kodi ya mirathi. Gharama mtakazokutana nazo ni za mahakama na nyaraka.

14. Zina zaka?

Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango kinachoanza kutolewa zaka, ni gramu 85 za dhahabu safi, ikikaa mwaka mmoja wa Kiislamu, na zaka yake ni asilimia 2.5. Pauni 12 zina gramu 87.8 za dhahabu safi, kwa hiyo zimefika. Pauni 11 peke yake hazijafika. Kila mrithi huhesabu fungu lake, akijumlisha na akiba zake nyingine. Yule kijana wa pauni 6 katika swali la 10 ana gramu 43.9, hajafika kwa sarafu pekee. Msamaha ambao Mashafii huutoa kwa pambo halali linalovaliwa haugusi sarafu zilizolala kijalubani.

## Kutunza

15. Zimefifia. Nizisafishe?

Hapana. Limau, majivu, dawa ya meno, sabuni ya unga, brashi: vyote vinaondoa ngozi ya juu ambayo mkusanyaji anailipia. Dhahabu haishiki kutu. Madoa mekundu yanayoonekana ni ya shaba iliyochanganywa ndani, na hayadhuru. Ute wa kijani unaonata umetoka kwenye plastiki laini. Huo huondoka kwa kuloweka sarafu ndani ya asetoni safi na kuiacha ikauke yenyewe, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Ukiishika, ishike kwa kingo, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ikianguka sakafuni, kingo ndizo huumia kwanza.

16. Zikae ndani ya nini, kwa hewa hii ya bahari?

Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi. Dhahabu itastahimili, lakini fedha huwa nyeusi, karatasi huota ukungu, na mchwa hula kasha pamoja na orodha yenu. Kila sarafu iwe ndani ya kidonge (kikasha cha duara) cha plastiki ngumu kinachotoshea upana wake. Epuka mifuko laini yenye harufu ya plastiki mpya, kwa kuwa ndiyo hutoa ute wa swali la 15. Epuka pia raba za kufungia, gazeti, na naftalini za kabatini.

Vidonge vitie ndani ya bweta la chuma au chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Badilisha vipakiti msimu wa masika ukiisha. Sarafu za fedha ziwe na chombo chake. Kasha la zamani la mkangazi libaki sebuleni kwa uzuri wake, na chumba kinachofukizwa udi kila jioni si pahala pa sarafu.

17. Nyumbani, benki, au tuzifukie kama wazee?

Kufukia ni mbaya kuliko yote. Anayefukia hufa na siri, nyumba hujengwa upya, fundi ndiye anayekuta. Nyumbani inawezekana kama kuna sefu iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege, isiyoonekana na mgeni wala na fundi wa feni. Sefu ndogo isiyofungwa inamrahisishia mwizi: anabeba vyote kwa mkupuo.

Benki, pale tawi linapotoa huduma ya kuhifadhi vitu vya thamani, ni salama zaidi. Ulizeni mambo matatu kabla: nani ana ruhusa ya kufungua, nini hutokea mmoja akifariki, na bima inafika kiasi gani. Mkataba usiwe kwa jina moja. Bima ya nyumba nayo mara nyingi haigusi sarafu zisizotajwa, kwa hiyo mtake jibu la maandishi.

## Kuuza na mambo magumu

18. Tutajuaje bei ya haki?

Zidisha uzito kwa usafi, kisha kwa bei ya gramu ya dhahabu safi siku hiyo. Karati 22 ni 0.917, karati 18 ni 0.75. Hiyo ndiyo sakafu: sonara atatoa chini kidogo ili apate chake, lakini akikupa nusu anakudhulumu. Kwenye karatasi za zamani uzito huandikwa kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66. Sarafu adimu isiuzwe kwa hesabu hii hata siku moja, maana sonara huinunua ili aiyeyushe. Sarafu iliyochomelewa kitanzi, kwa upande mwingine, imeshapoteza bei ya mkusanyaji, hiyo iuzwe kwa uzito bila majuto.

19. Sonara anataka tubadilishane sarafu na bangili. Kuna tatizo?

Kwa Muislamu lipo. Dhahabu kwa dhahabu ni uzito sawa na mkono kwa mkono. Bangili nyepesi kwa sarafu nzito, eti tofauti ni ujira, inaingia kwenye riba. Uza sarafu, pokea fedha mkononi, kisha nunua bangili. Hata asiyejali hilo atafaidika: akiona bei mbili zimeandikwa kando, ataona mahali anapokatwa.

20. Mrithi mmoja ni mtoto mdogo. Tuliuze fungu lake?

Lisiuzwe kwa wepesi. Msimamizi au mlezi analishika kwa niaba yake, kwenye bahasha yake, kwa jina lake, na hesabu yake mahakamani. Familia isiyoaminiana inaweza kumwendea Kabidhi Wasii Mkuu, anayepatikana RITA.

21. Hizi tumezikuta ukutani tukibomoa nyumba ya kale. Ni zetu?

Msikimbilie kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na ugunduzi wake hutolewa taarifa serikalini. Pauni ya mwaka 1911 haimo katika kundi hilo kwa umri wake, lakini inaweza kuwa ya warithi wa aliyejenga nyumba. Piga picha zikiwa palepale ukutani kabla ya kuzitoa.

22. Ndugu yetu yuko Muscat na anataka fungu lake kwa sarafu, si kwa fedha. Azichukueje?

Asizifiche kwenye begi la nguo. Awe na barua ya uteuzi wa msimamizi, nakala ya Fomu namba 6 inayotaja sarafu zake, na picha zenye uzito. Azitangaze forodhani akitoka na akiingia. Kama kuna ya kabla ya 1863, aombe kwanza kibali cha kuitoa nchini kutoka mamlaka ya mambo ya kale. Msimamizi asimkabidhi uwanja wa ndege. Amkabidhi Tanga, mbele ya mashahidi, na risiti ya mapokezi iandikwe namba za sarafu zilezile zilizo kwenye orodha ya swali la 2.